Kitabu kilichotoka jikoni: maboyi wa Elisabethville na maktaba ya mji wetu

Bandugu mliomaliza masomo, na ninyi mnaohangaika bado na TFC na memwari, tuanze na swali. Mtu akikuomba leo kitabu cha historia ya Lubumbashi kilichoandikwa na mtu wa hapa, kwa Kiswahili cha hapa, utamtuma wapi?

Wengi wetu tutajibu haraka: hakiko. Tutasema historia ya mji iko kwa Kifaransa, Wabelgiji ndio walioiandika, kisha maprofesa wetu. Kiswahili chetu ni cha soko, cha taksi na cha nyumbani. Nani ataandika kitabu nacho?

Jibu hilo si kweli. Kitabu kiko, tangu 1965. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kiliandikwa na André Yav kwa ajili ya chama cha bazee waliokuwa maboyi, yaani watumishi wa nyumbani kwa wazungu. Tutaeleza hapa kitabu hicho ni kitu gani, kwa nini hakisomwi kama vitabu vingine, kimepitia wapi, na kwa nini maktaba yoyote ya L'shi isiyokuwa nacho ina pengo kwenye rafu yake ya kwanza.

Mji uliozaliwa na karatasi

Élisabethville ilianzishwa 1910, ikapewa jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka ule ule reli kutoka kusini ikafika, na 1911 tanuru la Union Minière likaanza kutoa shaba. Jina la Lubumbashi lilikuja kuwa la mji mzima 1966.

Tangu mwanzo mji huu uliandikwa sana. Kampuni iliandika idadi ya wafanyakazi, mishahara, magonjwa na vifo. Serikali iliandika kodi na sheria. Wamisionari waliandika shule na ubatizo. Gazeti la L'Essor du Congo lilianza 1928, kwa ajili ya wazungu. 1946 kikaanzishwa kituo cha CEPSI cha kuchunguza matatizo ya kijamii ya wenyeji, kikawa kinatoa jarida lake. 1956 iniversite ikafungua milango. 1957 Union Minière ikaanza kutoa Mwana Shaba, jarida la wafanyakazi wake.

Karatasi hazikukosekana. Ila tuulize: nani alikuwa anauliza maswali, na nani alikuwa anaulizwa? Kwa sehemu kubwa Mwafrika alikuwa mtu wa kuandikwa. Gazeti la Ngonga lilitokea hapa 1934 kwa ajili ya wasomaji Wakongo, lakini halikudumu. Kuandika historia ya mji, kwa sauti yako, kwa lugha yako, halikuwa jambo ambalo mji ule ulilitazamia kutoka kwa mtu mweusi.

V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi 1941 na kufundisha hapa Lubumbashi, alitupatia jina la jambo hili. Aliliita maktaba ya kikoloni. Hakuwa anasema juu ya jengo. Alikuwa anasema juu ya lile fungu kubwa la maandishi ya wasafiri, wamisionari, wakubwa wa serikali na wataalamu waliotueleza sisi ni nani, mpaka sisi wenyewe, tukitaka kujieleza, tunaanzia mule mule. Kila mwanafunzi aliyeandika sura ya kwanza ya memwari yake anajua uzito wa neno hilo. Unatafuta historia ya kartie yako, unakuta ripoti ya Mbelgiji. Unaitaja. Mwenzako anakutaja wewe. Maktaba ile ile inaendelea kuzaa.

Njo maana kitabu cha maboyi ni cha maana. Kilianza nje ya maktaba ile. Kilianza jikoni.

Kwa nini maboyi?

Tunapozungumza juu ya wafanyakazi wa Katanga, akili zetu zinakwenda kwanza kwa watu wa migodi, na kuna sababu. Mfanyakazi wa Union Minière alikuwa na namba, na fiche, na nyumba ndani ya kambi. Walipogoma Desemba 1941, wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mpira hapa mjini na makumi wakafa, tukio hilo liliacha alama katika ripoti na katika vichwa vya watu. Mwanahistoria ana mahali pa kuanzia.

Boyi hakuwa na vitu hivyo. Kila mmoja alifanya kazi katika nyumba yake, kwa bwana wake na madamu wake. Hakukuwa na kambi ya maboyi wala kampuni ya maboyi yenye ofisi ya kutunza karatasi zao. Akifukuzwa, hakuna mahali ilipoandikwa. Akitumika miaka 30, ushahidi wake ni kinywa chake, labda na barua moja ya bwana aliyerudi Ulaya.

Lakini fikiri boyi aliona nini. Mji ulikuwa umekatwa vipande viwili: upande wa wazungu, na upande wa Waafrika, ambako palianzia Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati ule, kisha Kenya, Katuba na nyingine. Katikati waliacha nafasi tupu kwa makusudi. Boyi alivuka nafasi hiyo kila siku, asubuhi na jioni. Aliwaona wakubwa wakila, wakiugua, wakigombana. Alisikia waliyokuwa wanasema juu ya Waafrika wakidhani hakuna anayesikiliza. Ripoti ya gavana haikuandika mambo hayo.

Kuna kitu kingine tena, nacho ni lugha. Wazungu waliofika Kongo walipewa vijitabu vya kujifunza Kiswahili, na mara nyingi vijitabu hivyo viliitwa vocabulaire. Johannes Fabian, aliyeandika kitabu kizima juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha namna vilivyojaa maneno ya kuamuru. Leta. Beba. Funga. Ngoja. Kiswahili cha vijitabu hivyo kilikuwa cha upande mmoja: mmoja anasema, mwingine anatenda.

Sasa tazama jina ambalo maboyi waliliweka juu ya kitabu chao: Vocabulaire. Ukikifungua ukitafuta orodha ya maneno na maana zake, utashangaa. Hakuna orodha. Ni masimulizi ya historia. Sababu ya jina hilo inaweza kujadiliwa, lakini mtu wa L'shi anaweza kulisoma hivi: mlikuwa na vocabulaire yenu ya kutuamuru, sasa sikilizeni yetu.

1965: kwa nini wakati ule?

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi peke yake, na mambo hayo yalikwisha Januari 1963 tu. Katika msukosuko wa 1960 Wabelgiji wengi waliondoka. Kila nyumba ya mzungu iliyofungwa ilikuwa na boyi, mpishi au mtu wa bustani aliyebaki nje ya mlango.

Hao njo bazee wa kitabu hiki. 1965 mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, lakini dunia yao ilikuwa imekwisha. Walikuwa wamejenga chama chao, na André Yav akapanga kumbukumbu zao kwa maandishi, zikapigwa mashine na kutolewa kama kijitabu. Hakukuwa na nyumba ya uchapishaji nyuma yake, wala profesa wa kusahihisha.

Kijitabu hicho kinasimulia mji tangu mwanzo wake hadi 1965, na kinarudi nyuma mpaka kuja kwa wazungu katika nchi hii. Historia yote inatazamwa kutoka mahali pa mtumishi: nani alitumika kwa nani, alilipwa nini, aliteseka wapi, alistahili nini na hakupewa. Usitafute mule mpangilio wa tarehe kama katika kitabu cha shule. Kinaenda kama mzee anavyosimulia: anasonga mbele, anarudi, anakumbuka jina, anasisitiza jambo lililomuuma.

Namna ya kukisoma: kwa sauti

Hapa tufike kwenye jambo ambalo mi naona linatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote.

Maandishi ya Vocabulaire hayakufuata kanuni za tahajia. Maneno yameshikana mahali yangetengana, yametengana mahali yangeshikana, na nukta na herufi kubwa hazikai mahali ulipozizoea. Ukikitazama kwa macho tu unaweza kusema mwandishi hakujua kuandika. Nikupe mfano wangu mwenyewe, si wa kitabu. Mtu anaweza kuandika hivi:

batubotebalikuwa natumika mumanyumbaya bazungu

Macho yanakwama. Sasa soma kwa sauti, pole pole, kama unaongea na mama yako: batu bote balikuwa natumika mu manyumba ya bazungu. Umeelewa mara moja, bila kamusi.

Njo vile watafiti walivyofanya. Fabian, aliyekuwa amefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipotaka kukichapisha kitabu hiki alisaidiwa na Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha hapa. Kalundi alikisoma kwa sauti, sauti ikarekodiwa, na kutokana na sauti hiyo wakakiandika upya kwa mpangilio wa kueleweka. Yaani ili karatasi isomeke ilibidi irudi kwanza kuwa maneno ya kinywa.

Hilo linatufundisha mambo mawili. La kwanza: André Yav hakushindwa kuandika. Aliandika lugha ambayo shule haikuwahi kumfundisha mtu kuiandika. Shuleni tulipewa Kifaransa, au Kiswahili sanifu, kile tunachokiita Kiswahili bora. Kiswahili cha L'shi kiliachwa bila tahajia, kwa hiyo Yav alijitengenezea yake. La pili: msomaji anayefaa zaidi kwa kitabu hiki ni yule aliyekulia katika Kiswahili hiki. Profesa wa ng'ambo alihitaji msaada wa mtu wa hapa. Wewe mwenyewe uko mtu wa hapa.

Namna kilivyofika Amsterdam

Kitabu kilichapishwa tena 1990 na nyumba ya John Benjamins huko Amsterdam, chini ya jina la Kiingereza History from Below. Ndani yake kuna maandishi ya Yav, tafsiri ya Kiingereza, maelezo ya Fabian, na maelezo ya lugha ya Walter Schicho. Ni kazi nzuri sana. Bila hiyo inawezekana kabisa tusingekuwa tunazungumza juu ya kitabu hiki leo. Lakini ona mahali ilipotufikisha: historia iliyosimuliwa na maboyi wa Elisabethville kwa Kiswahili sasa imo katika kitabu cha gharama, kinachokaa hasa katika maktaba za iniversite za Ulaya na Marekani, na maelezo yake ni kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu hatukusomeshwa nayo.

Si kitabu hiki peke yake. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa hapa 1947, alichora historia nzima ya nchi kwa ajili ya Fabian miaka ya 1973 na 1974, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili. Picha 101 za mfululizo huo zimechapishwa katika kitabu Remembering the Present cha 1996. Picha zenyewe ziko kwenye makumbusho Amsterdam. Tshibumba alijiona mwanahistoria, si mchoraji wa mapambo ya ukutani. Mtoto wa Kenya au Katuba anayetaka kuona kazi yake ana safari ya kutafuta viza.

Kuna habari njema pia. Maandishi ya Vocabulaire, mazungumzo na Tshibumba, na maandishi mengine ya Kiswahili chetu yamewekwa kwenye intaneti, katika mkusanyo unaoitwa Archives of Popular Swahili ambao Fabian na wenzake waliuanzisha Amsterdam. Kusoma ni bure. Yaani kitabu cha maboyi kinaweza kuingia mu simu yako leo jioni, ukiwa na megabaiti.

Vilivyorudi nyumbani

Mji haukukaa bure. Tangu 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliosimamiwa na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU na Bogumil Jewsiewicki, ulikusanya kumbukumbu za watu wa mji na kuzipeleka mbele ya watu wenyewe, pamoja na maonyesho kwenye makumbusho yetu. Dibwe ameandika juu ya familia za wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines akiwasikiliza wafanyakazi, wake zao na watoto wao. Njia ni ile ile ya Yav, ila safari hii iniversite yenyewe ndiyo ilifungua mlango.

Na Mudimbe, baada ya miaka mingi Marekani, aliwapa UNILU vitabu vyake. Mtu aliyetufundisha maana ya maktaba ya kikoloni, na aliyefariki 2025 huko ng'ambo, alihakikisha kwamba rafu zake zinarudi Katanga. Huo ni mfano wa kufuata, hata kama vitabu vyako haviko elfu, viko kumi.

Sasa, sisi tufanye nini?

Tuseme mambo ambayo hayahitaji bajeti ya waziri.

Kwanza, tukisome. Kisomeni watu wanne au watano pamoja, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuata kwenye simu. Mkikwama, muulizeni mzee wa kartie. Neno la zamani ambalo sisi hatulijui, yeye atalitambua.

Pili, tukitaje katika kazi zetu, kwa akili. Vocabulaire si chanzo cha tarehe. Ukitaka kujua reli ilifika mwaka gani, tafuta penye hati. Lakini ukitaka kujua maboyi walielewaje maisha yao, walimkumbuka nani, waliona haki iko wapi, hakuna ripoti ya kikoloni itakayokupa hilo. Mwalimu akikuuliza kwa nini unataja maandishi yasiyo na tahajia, mjibu kwamba ushahidi wa mtu haupimwi kwa nukta na mkato. Kisha ulinganishe na vyanzo vingine, kama inavyotakiwa kwa chanzo chochote. Hata ripoti ya gavana ilikuwa na nia yake.

Tatu, tufanye ya kwetu. Maboyi wa 1965 hawako tena. Lakini wako akina mama waliouza mu soko miaka ya Zaïre, wako bapapa waliofukuzwa Gécamines, wako watu wa reli. Kila mmoja wetu ana simu inayorekodi. Omba ruhusa kwanza. Mwanzoni mwa rekodi sema tarehe, mahali, na jina la anayesimulia kama amekubali litajwe. Mwache aongee Kiswahili chake, usimgeuzie Kifaransa katikati. Ukimaliza, weka nakala tatu mahali patatu, kwa sababu simu inaibwa na kompyuta inakufa. Kisha andika angalau ukurasa mmoja wa muhtasari, maana sauti ya saa mbili isiyo na karatasi hakuna atakayeitafuta.

Nne, tuchunge karatasi. Nyumbani kwetu kuna vitabu vya kazi vya babu, barua, nakala za Mwana Shaba, picha zenye mwandiko nyuma. Kila tunapohama nyumba vitu hivyo vinaishia kufungia karanga. Vipige picha ukurasa kwa ukurasa, mahali penye mwanga wa mchana. Karatasi zenyewe zikae mbali na maji na mchwa, ndani ya sanduku lisilogusa sakafu.

Tano, tuanzishe rafu. Chama chetu hakina jengo la maktaba, na pengine hatutalipata kesho. Lakini rafu moja kwenye chumba cha mkutano, parokiani au kwenye shule ya kartie, yenye nakala ya Vocabulaire iliyochapwa kutoka mkusanyo ule wa intaneti, TFC zenu zinazohusu mji, na daftari la kuazima, hiyo ni maktaba ya watu wote. Zilizo kubwa leo nyingi zilianzia hapo.

André Yav na wenzake hawakungoja jengo, wala ruhusa, wala tahajia. Walikuwa na mashine ya kupigia, karatasi, na miaka mingi ya kutumika katika nyumba za watu. Sisi tuko na diplome, simu na intaneti. Kijukuu wa L'shi akiuliza mwaka 2065 kitabu cha mji wake kwa lugha yake, haifai ajibiwe kwamba kiko kimoja tu, na kwamba kiliandikwa miaka 100 iliyopita na maboyi.